Kufunga diski ya pili (hard disk) kwenye kompyuta ya mezani, kama ninavyofanya hapa Wete

Kijana mmoja anayepiga video za harusi kule Konde aliniletea kompyuta yake juu ya bodaboda, kaipakata kifuani kama mtoto mchanga. Diski imejaa. Wiki ya pili sasa ule mstari wa diski kwenye skrini ni mwekundu, na Iddi haiko mbali. Iddi ikishapita, huku kwetu Pemba harusi hufuatana mpaka mafundi wa nguo wanazidiwa. Alikuwa ameshaanza kufuta harusi za mwaka juzi ili apate nafasi. Nikamwambia, "Mwanangu, usifute tena hata moja. Hizo si zako peke yako."

Tulimtilia diski ya pili. Mtoto wa kaka yangu alikuwepo, anajifunza kazi kwangu siku za likizo ya skuli, kwa hivyo nilikwenda polepole nikimwonyesha kila kitu. Niliyomwonyesha ndiyo haya, pamoja na mengine niliyoyajua kwa hasara. Kufunga kwenyewe ni kazi ya saa moja kwa bisbisi moja. Ila usiifanye mbio mbio. Diski ni amana. Kasha likiharibika utapata jengine, feni ikifa utanunua nyengine, lakini kilichoandikwa juu ya diski hakiuzwi Darajani wala Dubai.

Kabla hujanunua

Fungua ubavu wa kasha kwanza, lile ambalo sote tumezoea kuliita sipiyu ingawa sipiyu yenyewe ni kijidude kimoja tu mle ndani. Tazama kama kuna pahala pa kukaa diski. Tazama kama kuna tundu la SATA, yaani la kuchomekea waya wa diski, lililo wazi kwenye mazabodi, kile kibao kikuu cha ndani. Kisha fuata nyaya zinazotoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, uone kama kuna ncha bapa ya SATA isiyo na kazi. Watu hununua diski kwanza, halafu wanagundua kasha lao ni lile jembamba lenye nafasi ya diski moja. Kutoka Konde mpaka Chake kurudisha diski dukani ni nauli na siku nzima.

Diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mezani inaitwa ya inchi 3.5. Usiipime kwa rula ukashangaa, upana wake ni milimita 101.6, yaani inchi 4. Jina limebaki kutoka enzi ya disketi, zilizokuwa na mashine yake ya kukaa nafasi kama ile. Ya laptopu ni inchi 2.5, na upana wake hauzidi milimita 70. Matundu ya waya ni yale yale, kwa hivyo ya laptopu inaweza kukaa kwenye kasha la mezani kwa kutumia fremu ya kupanulia. Kwa mtu wa video mimi nasema chukua kubwa.

Na SSD je, ile diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani? Ikiwa Windows yako bado inawaka kutoka diski ya kuzunguka, basi pesa ya mwanzo nunua SSD ndogo ya kuwekea Windows, utaona mashine imekuwa nyengine. Lakini ghala la video ni habari mbali. Kwa bei ya kila terabaiti, diski ya kuzunguka bado ndiyo inayotufaa sisi.

Diski nyingi tunazozipata huku ni za mtumba, na si kosa kununua ya mtumba. Ila omba iwashwe mbele yako na isomwe kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Kila diski ina daftari lake la ndani linaloitwa SMART. Humo imeandikwa imefanya kazi saa ngapi, imewashwa mara ngapi, na imepata majeraha gani. Mimi natazama mistari miwili kabla ya kitu chengine chochote: nambari 05, ambayo ni sehemu zilizoharibika na kazi yake ikahamishiwa pengine, na nambari C5, sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma vizuri na bado haijaamua la kuzifanya. Zote mbili nataka sifuri. Diski yenye saa 20,000, ambazo ni zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa, nikiona sifuri mbili naichukua. Yenye saa 3,000 na C5 inayopanda naiacha pale pale, hata nikipewa bure.

Ukishainunua, ibebe vizuri. Ndani yake mna sahani za kung'ara zinazozunguka, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Hiyo 7,200 ni mizunguko 120 kwa kila sekunde. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu, na unywele wa kichwani mwako una unene wa nanomita elfu nyingi, makumi ya elfu. Diski ikiwa imezimwa kichwa kinakuwa kimeegeshwa pembeni, ndiyo maana inaweza kusafiri. Lakini haistahamili kuangushwa. Iache kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, izungushie kitambaa, na ukiwa ndani ya gari ya 606 unatoka Chake, ipakate. Usiitie chini ya kiti, na usimkabidhi utingo aiweke juu na magunia.

Meza, mikono na umeme

Nafanyia kazi juu ya meza ya mbao iliyotandikwa kanga kuukuu ya pamba. Zulia sitaki, na kitambaa cha nailoni sitaki. Vifaa vyangu ni bisbisi ya nyota ya ukubwa wa kati, tochi, brashi laini ya rangi ya inchi moja, kikombe kidogo cha kahawa cha kutilia skurubu, na karatasi na kalamu. Karatasi na kalamu usiache, nitakwambia kwa nini.

Zima kompyuta. Kwenye Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza kuzima, kwa sababu bila ya hivyo mara nyingi mashine inalala nusu tu ili iwake haraka kesho yake. Kisha chomoa waya ukutani. Usiseme umezima swichi ya ukutani inatosha, chomoa. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde tano, umeme uliobaki ndani umalizike. Subiri nusu dakika ili diski ya zamani isimame kabisa, ndipo ulilaze kasha.

Hapa kuna jambo la majumbani kwetu. Kuna makasha ambayo ukiligusa pembeni linakung'ata, kidole kinasisimka. Watu wamezoea wanasema ndivyo lilivyo. Sivyo. Maana yake njia ya ardhi haifanyi kazi. Ama plagi ni ya pini mbili iliyochokonolewa kwa kijiti ndani ya soketi ya pini tatu, ama soketi yenyewe haina waya wa ardhi nyuma yake. Diski inaishi ndani ya kasha hilo hilo. Mwite fundi umeme kwanza, diski baadaye.

Halafu kuna umeme wa mwilini. Unyevu wa Pemba unatusaidia, huku hatupigwi cheche kama watu wa nchi kavu. Lakini ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na buibui la poliesta likijisugua kwenye kiti cha plastiki, cheche zinapatikana. Mimi nakunja mikono ya buibui mpaka kwenye viwiko, nagusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha, na kila nikiinuka nikirudi nagusa tena. Diski yenyewe naishika mbavuni tu, kama unavyoshika sahani ya moto. Upande wa chini wenye kibao cha kijani siugusi.

Kuikalisha diski

Ukilitazama kasha kwa mbele, ubavu unaofunguka kwa kawaida ni wa kushoto. Kuna skurubu mbili nyuma, au kwenye Dell na HP za ofisini kuna kitasa cha kuvuta. Toa vumbi kwa brashi ukiwa nje, na feni uzishike kwa kidole zisizunguke.

Nafasi za diski hazifanani. Kwenye makasha ya kawaida utaona kibanda cha chuma chenye matundu pande mbili, unatelezesha diski ndani halafu unatia skurubu kushoto na kulia. Kwenye mengine kuna trei ya plastiki, unaitanua kidogo, vijipini vyake vinaingia kwenye matundu ya diski, kisha unaisukuma trei mpaka iseme tak. Kompyuta ya yule kijana ni HP ya ofisini, na HP nyingi za aina ile zinataka skurubu maalumu zenye shingo, ambazo unazifunga kwenye diski yenyewe kisha zinatelezea kwenye reli. Mtu asiyejua hutafuta skurubu hizo mji mzima. Mara nyingi za akiba zimo mle mle, zimefungwa upande wa ndani wa uso wa mbele wa kasha. Mtoto wa kaka yangu alipozikuta alifurahi kama aliyeokota dhahabu.

Sasa skurubu, na hapa naomba unisikilize. Diski ya inchi 3.5 inachukua skurubu nene zenye meno yaliyoachana. Diski ya laptopu na mashine ya kusomea sidi zinachukua nyembamba zenye meno yaliyokaribiana. Ukitia nyembamba kwenye diski kubwa, inaingia na inalegea. Ukilazimisha nene kwenye ndogo, umekata meno ya tundu na hutayarudisha. Urefu usizidi milimita 6 hivi, maana ndefu inaweza kwenda kugusa isipotakiwa. Skurubu sahihi inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho, bisbisi ni ya kukazia tu. Ikigoma mwanzoni, itoe.

Tia nne. Si mbili. Nimefungua makasha mengi ambayo diski imeshikwa na skurubu mbili upande mmoja, upande wa pili unaning'inia, na kasha zima linavuma kama mzinga wa nyuki. Kitu kinachozunguka mara 120 kwa sekunde kinatikisa kila kilichokishika. Kikiwa hakijashikwa vizuri kinajitikisa chenyewe, na kichwa kinachotafuta mstari mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona kinakosa, kinarudi, kinakosa tena. Mwenye mashine anaona kompyuta imekuwa nzito tu, hajui kisa ni skurubu mbili. Zitie zote nne zikiwa legevu kwanza, kisha kaza kwa kupishana pembe. Kaza ishike, usikaze kwa hasira.

Diski inaweza kulala au kusimama kwa ubavu, yote sawa. Usiiache imeinama upande upande. Kuna kijitundu juu yake chenye maandishi ya kukataza kukiziba. Hicho ndicho inachopumulia, usibandike karatasi hapo. Ikiwa kuna nafasi mbili zilizopangana, acha moja wazi kati ya diski ya zamani na mpya ili upewo wa feni upite. Huku kwetu joto la chumba peke yake linatosha, zisipeane jengine.

Nyaya mbili

Waya mwembamba ni wa habari, wenye vijino 7, kutoka kwenye diski hadi mazabodi. Mpana ni wa umeme, wenye vijino 15, kutoka kwenye pawasaplai. Ncha zote mbili zina umbo la herufi L ndani yake, kwa hivyo haziingii kinyume isipokuwa ukilazimisha, na ukilazimisha kile kiulimi cha plastiki cha diski kinakatika. Ingiza moja kwa moja, bila kuzungusha wala kuinamisha, mpaka ikae. Ukichomoa shika kichwa, usivute waya. Ncha hizi hazikutengenezwa kwa kuchomeka kila siku. Waya wa SATA wa ndani umekadiriwa kuchomekwa mara 50 hivi, basi usiufanye mchezo wa kujaribia.

Kwenye baadhi ya Dell za ofisini umeme wa diski hautoki kwenye pawasaplai bali kwenye mazabodi, kwa waya wake maalumu. Ukikosa waya huo usibuni wako.

Na kuna kosa moja linaloua diski kwa sekunde moja. Pawasaplai nyengine nyaya zake zinachomoka pande zote mbili. Mtu akipungukiwa waya anachukua wa pawasaplai nyengine, kwa kuwa unaingia vizuri. Unaingia, ndiyo. Lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji kapanga njia zake: palipo volti 5 kwa huyu, pana volti 12 kwa yule. Ukiwasha unasikia harufu, na diski imekwisha, pengine na ile ya zamani iliyokuwa kwenye waya huo huo. Waya wa pawasaplai ubaki na pawasaplai yake. Mimi nikipokea mashine ya aina hiyo nazifunga nyaya zake kwenye mfuko mmoja na kuandika juu.

Vile vile, wanaotumia waya wa kugeuzia kutoka ncha ya zamani ya pini nne kwenda SATA, waepuke zile ambazo kichwa chake cha SATA kimemiminwa plastiki nzima bila kuonekana nyaya zinavyoingia. Hizo zinajulikana kushika moto. Tafuta zile ambazo nyaya unaziona zimebanwa moja moja kwenye kichwa.

Ukimaliza, zifunge nyaya pembeni kwa vikamba vya plastiki zisiguse feni. Ubavu wa kasha usiurudishe kwanza.

Kuiwasha

Chomeka, washa, na sikiliza. Sikio lako liko hapo kwa kazi hiyo. Diski nzima inaanza kwa mvumo unaopanda taratibu, kisha vitik-tik viwili vitatu vya kichwa kinachojipanga, kisha kimya cha kazi. Ukisikia tak, tak, tak ya kurudia kwa mpigo mmoja, zima hapo hapo. Hiyo ni diski mbovu, na kuiacha iendelee ni kuizidishia.

Ingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows, kwa kubonyeza kitufe chake mara tu ukiwasha: HP ni F10, Dell F2, mashine nyingi za kuunganisha ni Del. Tafuta diski mpya kwenye orodha. Haipo? Zima, chomoa ukutani, kisha anza na waya wa habari, uhamishie tundu jengine. Badilisha waya. Kama mazabodi ina SSD ile bapa ya M.2, huenda ikawa inashirikiana njia na tundu moja la SATA, na tundu hilo linakufa M.2 ikiwepo, kwa hivyo jaribu la mbali nalo. Kwenye mashine za ofisini tazama pia kama tundu limezimwa ndani ya bayosi yenyewe. Diski isiyozunguka kabisa, mkono ukiigusa haitetemeki, hiyo ni shida ya umeme, si ya waya wa habari.

Kabla hujaiandaa

Windows haitakuonyesha diski mpya kabisa kwenye orodha ya kawaida mpaka uiandae, na hapa ndipo nilipowahi kufanya kosa ambalo sijalisamehe.

Miaka ya nyuma niliitilia diski mpya kompyuta ya jamaa mmoja aliyekuwa anahifadhi sauti za maulidi ya kijiji chao. Alizikusanya kutoka kwenye kanda za kaseti, moja moja, na baadhi ya sauti zilikuwa za wazee waliokwishatangulia mbele ya haki. Alikuwa na diski ya Windows, diski ya sauti, na mpya niliyomfungia mimi. Ya sauti na mpya zilikuwa na ukubwa mmoja. Ilikuwa jioni, nilikuwa nimechoka, Magharibi inakaribia, nikabonyeza kwenye ile isiyokuwa yenyewe. Nilijua kabla mstari wa kijani haujafika mwisho. Tulirudisha kiasi kwa programu za kuokolea, si zote, na zilizorudi nyengine zilikuwa zimekatika katikati ya kasida. Yule bwana hakunipigia kelele. Alikaa kwenye kiti akasema, "Basi, Mungu ndiye aliyepanga." Ningependa angenipigia kelele.

Kwa hivyo karatasi na kalamu. Kabla hujaifunga diski mpya, andika nambari yake iliyo kwenye kibandiko na ukubwa wake, na za diski za zamani pia. Na kabla hujaanza kuiandaa, zima mashine uchomoe waya wa habari wa kila diski isiyohusika. Ibaki yenye Windows na mpya, basi. Kama Windows na mafaili yako yako kwenye diski moja kama ya kijana wa Konde, hiyo huwezi kuichomoa. Basi toa nakala ya vitu muhimu kwanza kwenye diski ya nje, na usome nambari mara mbili. Nikiwa na mtu karibu namwambia anisomee yeye kwa sauti.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague Disk Management. Utaulizwa diski mpya iandikwe kwa mtindo gani. Chagua GPT. Ule wa zamani, MBR, unaishia kwenye terabaiti 2, na chochote kinachozidi unakipoteza. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya ile nafasi yenye mstari mweusi, chagua New Simple Volume, endelea, mfumo uwe NTFS, upe herufi na jina linaloeleweka. Ya yule kijana tuliipa herufi V na jina HARUSI.

Ikiwa diski ni ya mtumba, toa alama kwenye Quick Format. Itachukua muda, terabaiti moja ni saa mbili au tatu hivi, lakini Windows itapita juu ya diski nzima na kuijaribu kila sehemu. Iwashe usiku ukalale. Asubuhi isome tena kwa CrystalDiskInfo, na kama 05 na C5 bado ni sifuri, hiyo diski imepasi mtihani mbele ya macho yako.

Ukiona diski ya terabaiti 1 inasoma gigabaiti 931, hukudhulumiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ya gigabaiti 500 itasoma 465. Wateja wangu wengi wamekwisha kurudi dukani kugombana kwa hili, na muuza duka hana kosa.

Unapohamisha video, kopi, usikate. Kata ikikutana na umeme uliokatika katikati, nusu iko huku nusu iko kule. Kopi, kisha linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa wa pande zote mbili, fungua video mbili tatu uziruke mbele mpaka mwisho, na ndipo ufute za zamani. Sisi tulianza saa nne asubuhi, tukamaliza baada ya Alasiri.

Kuiweka nyumbani kwake

Rudisha ubavu. Kasha lisikae sakafuni panapopigwa deki kwa maji, wala juu ya spika ya muziki, ambayo nimeikuta studio zaidi ya moja. Lisifunikwe nailoni likiwa linafanya kazi. Likizimwa, funika kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu hewa yetu ya chumvi na mvua ya masika inakula ncha za chuma polepole, na mashine inayowashwa kila siku inapona zaidi kuliko iliyofungiwa stoo miezi sita.

Nilikuwa Unguja najifunza kazi wakati kisiwa kizima kilipokuwa gizani, Disemba 2009 hadi Machi 2010, na watu wakaendesha maduka kwa majenereta madogo. Diski nilizozipokea miezi ile ndizo zilizonifundisha kwamba umeme unaopanda na kushuka unaumiza kuliko umeme usiokuwepo. Nunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, hata ndogo ya VA 650, na betri yake uibadilishe ikianza kukuacha kabla hujamaliza kuzima. Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa ukutani. Ukirudi, usikimbilie. Acha dakika kumi zipite, taa zitulie, ndipo uchomeke.

Kijana wa Konde alikuwa amefurahi, anasema sasa ana nakala mbili. Nikamwambia hana. Diski mbili ndani ya kasha moja zinapigwa na radi moja, zinabebwa na mwizi mmoja. Harusi ambazo wenyewe hawajachukua nakala zao azitie pia kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae kwa mama yake.

Ndani ya ubavu wa kasha nilibandika karatasi: tarehe, nambari ya diski, saa zake, 05 sifuri, C5 sifuri. Tarehe moja ya kila mwezi aisome tena na kuandika chini yake, na akiona nambari yoyote imeondoka kwenye sifuri asisubiri harusi ya wiki hiyo imalizike. Kompyuta ilirudi Konde kwa gari, imelala kwenye kiti juu ya mto, na nauli ya kiti cha pili alilipa.